Wadudu wa kijito kama mashahidi kabla ya mgodi kufunguliwa

Swali: "Kampuni inakusudia kufungua mgodi wa wazi wa shaba na dhahabu kwenye vilima ambako kijito chetu kinaanzia. Washauri wake walikuja mara moja tu, wakati wa ukame, wakachota maji katika sehemu mbili na kuandika kwamba yanakidhi viwango vya maji ya kunywa, hivyo kijito kiko salama. Kamati yetu ya maji imefundishwa kukamata wadudu wa majini kwa neti na kuwapa alama za kupimia usafi wa kijito. Sehemu ya juu tulipata alama nzuri, lakini chini ya daraja, baada ya mashamba, alama zilishuka sana. Sasa tumegawanyika. Baadhi yetu wanasema tusiyatoe matokeo ya chini ya daraja kwa sababu kampuni itadai kijito kilikwisha kuharibika. Wengine wanasema wadudu si ushahidi wowote, heri fedha zetu kidogo zitumike kupima kemikali. Je, kazi hii ina thamani? Tupime wapi, mara ngapi, na nani atatuamini?"

Jibu: Ndugu msomaji, naona kwamba hofu yenu kubwa ni kufanya kazi ya miezi mingi halafu siku ya kuihitaji mkaambiwa haina maana, au mbaya zaidi, igeuzwe silaha dhidi yenu. Kazi hiyo ina thamani, na thamani yake ni kubwa zaidi sasa kuliko itakavyokuwa wakati mwingine wowote, kwa sababu udongo bado haujaguswa. Rekodi ya hali ya kijito kabla ya mgodi haiwezi kutengenezwa baadaye kwa fedha yoyote. Hata hivyo itasimama tu kama mtakuwa na vijito vya kulinganishia, kama mtapima kwa namna ileile kila mara, na kama mtayatoa matokeo yote, yakiwemo yale ya chini ya daraja.

Nianze na sababu ya wadudu kufaa kwa kazi hii, kwa kuwa wenzenu wanaopendelea kemikali hawajakosea kabisa. Chupa ya maji hueleza hali ya maji dakika ile yalipochotwa. Maji machafu yakiachiliwa usiku wa Jumamosi na chupa ikachotwa Jumatatu, huenda maabara isione kitu. Wadudu wachanga wa majini, kinyume chake, hukaa kwenye kokoto zilezile kwa wiki au miezi, na baadhi ya spishi hupitisha mwaka mzima na zaidi ndani ya maji kabla ya kuota mabawa na kuruka. Wakati wote huo hupumua kupitia ngozi nyembamba na matamvua, nao hupokea metali kwa njia mbili, yaani kutoka kwenye maji yenyewe na kutoka kwenye utando wa mwani wanaoula juu ya mawe. Kundi zima likitoweka mahali lilipokuwapo kila msimu, limewaeleza jambo lililotokea hata kama hakuna aliyekuwapo kulishuhudia.

Mkiinua jiwe la ukubwa wa kiganja kutoka mahali maji yanapokimbia na kulipindua taratibu, mtamwona mdudu bapa, kichwa kipana, macho yakiwa juu ya kichwa, amejibana kwenye jiwe kana kwamba amebandikwa. Pembeni mwa tumbo lake kuna safu ya matamvua kama vijani vidogo, na nyuma ana mikia miwili au mitatu. Huyo ni wa kundi la efemeroptera, familia ya Heptageniidae, na nawaomba mumfahamu vizuri kwa sababu nitamrudia. Karibu naye, kwenye ufa wa jiwe, huenda mkakuta kijiwavu cha hariri kilichoelekezwa kwenye mkondo, na ndani yake buu laini lenye vipande vitatu vigumu nyuma ya kichwa. Huyo ni trikoptera wa familia ya Hydropsychidae, anayechuja chakula chake majini. Wawili hawa wanaishi jirani kwenye jiwe moja, lakini metali zinapoingia kijitoni hawaathiriki sawa.

Sasa nije kwenye ile kauli ya washauri, ambayo naiona ndiyo hatari zaidi katika barua yenu. Kusema kwamba maji yanakidhi viwango vya kunywa si sawa na kusema kijito ni kizima. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu hadi miligramu 2 za shaba katika lita moja ya maji ya kunywa, yaani mikrogramu 2,000, kwa kuwa mwili wa binadamu unaweza kuihimili shaba kwa kiasi hicho. Mdudu mwenye matamvua hana uwezo huo. Katika maji laini, yaani yenye kalsiamu na magnesiamu kidogo, makumi machache ya mikrogramu za shaba kwa lita, na wakati mwingine chini ya hapo, hutosha kuwadhuru wanyama walio wepesi kudhurika. Kijito kinaweza kufaulu kipimo cha kunywa mara nyingi mfululizo huku uhai ndani yake ukipungua mwaka hadi mwaka. Kwa mgodi wa shaba hili si jambo dogo, na nawashauri mliandike waziwazi katika maoni yenu juu ya ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira.

Kinyume chake pia ni kweli, na hapa nasema kwa msisitizo kwa sababu ni suala la afya ya watu. Kijito chenye wadudu wengi na wa kila aina hakijathibitishwa kuwa salama kwa kunywa. Aseniki, ambayo mara nyingi huambatana na miamba yenye dhahabu, humdhuru binadamu anayeinywa kwa miaka mingi hata kwa viwango vidogo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 tu kwa lita. Wadudu wanaweza kuendelea kuishi vizuri katika maji yenye kiasi kinachozidi hapo. Vimelea vya magonjwa navyo havionekani kwa neti. Kwa hiyo wadudu wawaelezeni afya ya kijito, na maabara iwaeleze usalama wa maji ya kunywa.

Mgodi huathiri kijito kwa njia kadhaa zisizofanana, na kila njia huacha alama yake kwa wadudu. Ya kwanza kufika ni mashapo, nayo huanza mapema kuliko watu wengi wanavyodhani, tangu barabara za uchorongaji, yaani utoboaji wa miamba kutafuta madini, zinapokatwa kwenye mteremko. Tope laini hujaza nafasi baina ya kokoto, mahali wadudu wanapojificha, wanapotaga na wanapopata maji yenye oksijeni. Wanaokaa juu ya mawe safi hupungua, na minyoo pamoja na mabuu ya usubi wanaopenda tope huongezeka. Ndiyo sababu siwashauri kusubiri leseni ya uchimbaji. Ikiwa mitambo ya uchorongaji tayari imepanda mlimani, pimeni sasa na mwandike kwamba imeshafika.

Njia ya pili ni asidi. Miamba mingi yenye shaba na dhahabu ina pairiti, madini ya chuma na salfa. Ikiwa bado chini ya ardhi imetulia, lakini ikivunjwa na kurundikwa juu pamoja na miamba taka, ile ambayo wachimbaji huiita magwangala, hukutana na hewa na maji ya mvua, kisha hutoa asidi ya salfa na chuma kilichoyeyuka. Bakteria wanaopenda asidi huharakisha mno mabadiliko hayo. Asidi nayo huyeyusha shaba, zinki na kadimiamu kutoka kwenye miamba. Maji hayo yanapokutana na maji safi ya kijito, chuma huganda kuwa utando wa rangi ya chungwa juu ya mawe, na pale kwenye aluminiamu huweza kuonekana utando mweupe. Jambo linalowapotosha wengi ni ucheleweshaji: miamba yenye chokaa huituliza asidi kwa muda, hivyo miaka ya mwanzo ya mgodi inaweza kuonekana salama, na tatizo likajitokeza wakati kampuni inajiandaa kufunga. Ufuatiliaji ulioahidiwa kwa miaka ya uchimbaji pekee haujakamilika.

Ya tatu ni chumvi. Miamba iliyovunjwa huachia salfeti na madini mengine hata pale ambapo maji hayawi asidi kabisa, na uwezo wa maji kupitisha umeme hupanda. Katika vijito vya milima ya Appalachia ya kati nchini Marekani, ambako vilele vya milima vilikatwa ili kupata makaa ya mawe, efemeroptera walipungua sana katika maji yasiyo na asidi wala rangi yoyote ya kutisha. Mwaka 2011 Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani lilitoa kwa eneo lile kipimo elekezi cha upitishaji umeme cha mikrosimensi 300 kwa sentimita. Msiichukue namba hiyo kama kanuni ya kijito chenu, kwa kuwa inategemea chumvi za asili za mahali na aina ya wadudu waliopo. Chukueni funzo kwamba kifaa kidogo cha mkononi cha kupima upitishaji umeme kinaweza kuonyesha badiliko mapema, tena kwa gharama ndogo kila mnapokwenda kijitoni. Zaidi ya hayo kuna naitreti na amonia kutoka kwenye mabaki ya baruti, na kuna upungufu wa maji yenyewe pale maji yanapopampiwa nje ya shimo la mgodi na chemchemi zikashuka. Kwa hiyo pimeni pia kina, upana na kasi ya maji.

Hapo ndipo nataka mzitazame upya zile alama zenu. Mifumo mingi ya kutoa alama, kama BMWP ya Uingereza, SASS ya Afrika Kusini iliyofikia toleo la tano mwaka 2002, TARISS iliyotengenezwa kwa mito ya Tanzania na kuchapishwa mwaka 2015, na miniSASS iliyorahisishwa hadi makundi 13 ili wananchi waitumie, inafanya kazi kwa kumpa kila mdudu alama kulingana na uwezo wake wa kuvumilia uchafuzi. Ni mifumo mizuri, na naipenda kwa sababu imewawezesha watu wasio wanasayansi kukisoma kijito. Lakini chimbuko la mifumo hii ni uchafuzi wa kuoza, yaani maji taka, kinyesi na mabaki ya viwandani yanayonyonya oksijeni. Metali hazifuati mpangilio huo. Shaba na zinki zikiingia, yule mdudu bapa wa Heptageniidae ni miongoni mwa wa kwanza kutoweka, ilhali jirani yake wa Hydropsychidae mara nyingi hubaki, na baadhi ya mabuu ya usubi wasiouma huongezeka. Alama ya jumla inaweza kushuka kidogo tu wakati kundi muhimu limekwisha kabisa.

Kwa sababu hiyo msihifadhi alama peke yake. Andikeni kila kundi mlilolipata na idadi yake, na efemeroptera muwatenganishe hadi familia, kwa kuwa hawafanani hata kidogo katika uvumilivu wao. Pia msishtuke mkikosa aina nyingi za plekoptera, wale wenye mikia miwili ambao vitabu vya Ulaya na Marekani huwasifu kama kipimo cha maji safi. Katika sehemu kubwa ya Afrika ya kitropiki kundi hilo lina jenasi moja tu iliyoenea, Neoperla. Uchache wa aina zao huko ni historia ya bara, wala si uchafu wa maji.

Sasa lile daraja. Naelewa kabisa kwa nini wenzenu wanataka kuyaficha matokeo yale, lakini nawasihi msifanye hivyo. Kwanza, kampuni ikipima hapo yenyewe na kukuta alama mbaya ambazo ninyi mlizijua na hamkuzitoa, hata matokeo yenu mazuri ya juu yatatiliwa shaka. Pili, na hili ndilo la msingi zaidi, matokeo hayo yanawasaidia. Siku wadudu watakapopungua baada ya mgodi kuanza, jibu la kwanza mtakalopewa ni kwamba wakulima ndio walioharibu. Mkiwa na rekodi ya misimu kadhaa inayoonyesha mashamba huathiri vipi, makundi gani hupungua na kwa kiasi gani, mtaweza kutenganisha athari ya zamani na ile mpya. Ongezeni kituo kati ya eneo la mgodi na mashamba. Kituo hicho, ambacho leo kina wadudu wazuri na hakiguswi na kilimo, ndicho kitakachokuwa shahidi wenu mkuu.

Kisha tafuteni vijito vya kulinganishia, viwili au vitatu mkiweza, vyenye ukubwa, mwinuko, kivuli na miamba inayokaribiana na ya kijito chenu, lakini visivyopokea maji kutoka eneo la mgodi. Bila vijito hivyo, mwaka wa ukame mkali utaonekana kama athari ya mgodi, au athari ya mgodi itasingiziwa ukame. Wanaikolojia huuita mpangilio huu wa kabla na baada, kwenye eneo la kulinganishia na eneo la athari, nao umejadiliwa na kuboreshwa tangu miaka ya 1970 na 1980. Mantiki yake ni nyepesi: kinachotazamwa ni kama tofauti kati ya kijito chenu na vile vingine imebadilika baada ya mgodi kuanza. Kijito kimoja cha kulinganishia hakitoshi sana, maana nacho kinaweza kupatwa na mambo yake.

Kuhusu mara ngapi, pimeni angalau msimu wa mvua na msimu wa ukame kila mwaka, kwa miaka miwili kabla ya ujenzi kama ratiba ya mradi itawaruhusu. Miaka miwili ni kidogo, lakini mwaka mmoja hauwaonyeshi kabisa jinsi kijito kinavyotofautiana chenyewe kwa chenyewe. Msipime mara tu baada ya mafuriko, kwa sababu maji makali huwazoa wadudu hata kwenye mto wenye afya. Acheni wiki chache kijito kitulie. Tumieni neti yenye matundu yaleyale, muda uleule wa kuchokonoa kokoto kwa mguu, na aina zilezile za makazi, kwenye mawe yanayopigwa na mkondo, kwenye majani ya kingoni na kwenye mchanga, kila moja kwa trei yake. Jazeni fomu kabla ya kuondoka kijitoni. Mkikosa kundi fulani andikeni sifuri, kwa sababu nafasi tupu kwenye fomu huacha shaka kama hamkumwona mdudu au hamkumtafuta.

Nani atawaamini? Wataaminiwa wale wanaoweza kuonyesha wadudu wenyewe. Kila kituo wekeni sampuli katika alkoholi ya asilimia 70 hadi 80, pamoja na kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli ndani ya chupa, kwa kuwa alkoholi hufuta wino. Andikeni mahali, tarehe na jina la aliyekusanya, na rekodi kila mkono unaopokea chupa hiyo. Mwombeni mtaalamu wa maabara ya chuo au makumbusho ahakiki sehemu ya sampuli zenu, na makosa atakayoyakuta muyatangaze pamoja na matokeo. Waalikeni kampuni na mamlaka ya maji kupima pamoja nanyi siku ileile na kituo kilekile. Wakija, mtakuwa na takwimu ambazo hakuna upande utakaozikana kwa urahisi. Wasipokuja, hifadhini nakala ya mwaliko.

Lazima pia niwaeleze udhaifu wa njia hii. Wadudu huonyesha kwamba kuna badiliko, lakini peke yao hawamtaji aliyesababisha. Badiliko dogo linaweza kufichwa na tofauti za kawaida za msimu. Hapo ndipo kemikali inapohitajika, na kama fedha ni chache nisingezitumia kwa vipimo vya kila mwezi vya maji ya ukame. Ningepima mara chache kwa makusudi: mara moja katika ukame na mara moja katika mvua za kwanza, zinazokosha miteremko na rundo za miamba. Iombeni maabara kipimo cha asidi, ugumu wa maji, salfeti, na shaba, zinki, kadimiamu na aseniki, zote kwa maji yaliyochujwa na yasiyochujwa. Bila ugumu wa maji, namba ya shaba ni vigumu kuitafsiri. Chupa, dawa ya kuhifadhi na maelekezo ya uchukuaji vitoke maabara, msitumie chupa za soda.

Kuna kazi msizoweza kuzifanya kwa maelezo ya barua. Kabla ya msimu ujao mpateni mwanaikolojia wa maji baridi atembee kijitoni pamoja nanyi, achague vituo na kuthibitisha utambuzi wenu wa familia, hasa za efemeroptera. Kwa hoja za ripoti ya tathmini mtafuteni mwanasheria wa mazingira mapema, kwa sababu muda wa kutoa maoni huwa na mwisho. Ombeni masharti ya leseni yataje vituo vyenu, na yaseme kiwango gani cha kupungua kwa wadudu kitailazimu kampuni kuchunguza chanzo na kusimamisha umwagaji wa maji, hadi miaka ya baada ya kufunga mgodi.

Na mkiona samaki wamekufa, mawe yamegeuka rangi ya chungwa ghafla, au maji yana harufu ya dawa, wekeni neti kando. Msiingie majini, zuieni watoto na mifugo, pigeni picha zenye saa na mahali, na toeni taarifa siku hiyohiyo kwa mamlaka ya maji, ya mazingira na ya afya, ili wenye vifaa wachukue sampuli kabla maji hayajapita. Aliyekwisha kuyanywa na kujisikia vibaya apelekwe hospitalini mara moja, bila kusubiri majibu ya maabara.